Gharama Aliyoibeba Dada Pasi

Watu wengi wa mtaa wetu hawajui jina alilopewa na mama yake, na yeye hakuwahi kulalamika. Tunamwita Dada Pasi. Alianza kufua na kupiga pasi nguo za watu kabla mimi sijaota ndevu, na leo mimi ndiye ninayewanyoa wengine ndevu, kibanda changu kikiwa kimepakana na chumba chake cha kazi ukuta kwa ukuta. Yeye alivumilia kelele za mashine yangu, mimi nikavumilia joto la mkaa wake. Kwa hiyo nikisimulia habari za kesi yake, sisimulii ya kuambiwa.

Chumbani kwake kulikuwa na meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi shuka jeupe lililokazwa pembe zote. Pasi zilikuwa mbili, ya umeme na ya mkaa, kwa sababu umeme wetu una tabia zake. Kabla ya kugusa nguo ya mteja alilamba ncha ya kidole, akaigusa pasi kwa chini, akasikiliza. Alianza na kola, akaja kwenye mikono, mgongo akauacha mwisho. Ukimpelekea shati lililokatika kifungo alikishona bila kukwambia, halafu akakusema mbele za watu: "Mke unaye, mikono unayo, na bado unatembea kifua wazi kama mlango usio na komeo." Watu walicheka sana, na yule aliyesemwa alirudi wiki inayofuata na shati jingine.

Lakini kazi yenyewe hasa haikuwa chumbani. Ilikuwa nyuma, kwenye uwanja wa nyumba waliyoachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Hapo palikuwa na bomba, karo la saruji, na kamba zilizofungwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi ilimletea mashuka yake yote, na mashuka ya vitanda vikubwa huwezi kuyakaushia ndani. Bila jua na bila uwanja, Dada Pasi angebaki mpiga pasi wa shati mojamoja, na kwa shati mojamoja mtu analala njaa.

Mdogo wake tunamwita Kibonge. Alikuwa mnene utotoni; siku hizi amekonda hata suruali inashikiliwa na mkanda tu, ila jina halikumwacha. Ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi. Mama yao alipofariki, Kibonge alikuwa bado anavaa kaptura ya shule, na aliyemlisha, aliyemvisha na aliyekwenda kusimama mbele ya walimu kila alipokorofisha ni dada yake. Wakati ule alikuja mchumba, fundi seremala, mtu wa maana kabisa. Alimtaka Dada Pasi bila yule mtoto. Dada Pasi alimfungulia mlango akatoka, na mwingine hakuja.

Sasa, mtu anayeshinda katikati ya saruji na nondo huanza kuota nyumba. Kibonge alipoutazama ule uwanja hakuona kamba wala mashuka, aliona vyumba vya kupangisha. Akamwambia dada yake, dada akakataa. Akamwambia tena, akakataliwa tena, na kila mmoja akazidi kukaza shingo. Asubuhi moja lori likaingia kinyumenyume na kumwaga mchanga katikati ya uwanja, mashuka ya nyumba ya wageni yakiwa yameanikwa mabichi. Nilitoka mbio na kitana mkononi. Nilimkuta Dada Pasi amesimama katikati ya kamba, anapangusa shuka moja kwa kiganja, na kila akipangusa uchafu unazidi kutapakaa.

Ndugu wengine wangetukanana wakaishia hapo. Hawa walikwenda mahakamani. Dada Pasi ndiye aliyefungua kesi, na mahakama ikazuia ujenzi mpaka shauri lisikilizwe. Mchanga ukabaki palepale, paka wa mtaa wakaufanya choo. Kibonge akaweka wakili. Dada Pasi naye akaweka wake, mpaka alipoona kila tarehe inameza mapato ya mashuka, akaachana naye akawa anasimama mwenyewe. Kesi ikapigwa tarehe, ikarudi, ikapigwa tarehe nyingine. Hakimu wa kwanza alihamishwa, akaja wa pili akataka kwanza asome jalada lote. Mtu ambaye hajawahi kushitaki anadhani kesi ni siku ya maneno makali. Kumbe kesi ni kukaa kwenye benchi ukisubiri jina lako liitwe, halafu unaambiwa rudi mwezi ujao.

Muda wote huo ndugu hawa hawakusalimiana. Kibonge alipopita mbele ya chumba cha dada yake aligeuza uso upande wa barabara, na dada yake aliinamia pasi mpaka hatua zikapotea. Iliniuma kuona vile. Nilimjua Kibonge akiwa bado anabebwa mgongoni.

Walipatana kibandani kwangu, na zilizowapatanisha ni ndevu. Kibonge alikuja kunyoa. Nilikuwa nimemaliza shavu la kulia, la kushoto limejaa povu, Dada Pasi akaingia na taulo zangu alizonifulia. Hakujua yumo. Kibonge alitaka kuinuka, lakini mtu mzima hatoki barabarani na ndevu za upande mmoja. Mimi nikabaki na wembe hewani kama mjinga. Dada Pasi akazipanga taulo kwenye rafu, mojamoja, polepole mno kwa kazi ndogo kama ile. Halafu akasema na mimi, kana kwamba mwingine hayupo.

"Fundi, angalia hapo kidevuni. Ana kovu. Mimi ndiye niliyemwangusha, nilikuwa nimembeba."

Kibonge akaanza kulia ndani ya povu. Simcheki. Mimi mwenyewe macho yalinichoma, na sikuwa na povu la kujifichia.

Wakazungumza palepale, mimi nikimalizia shavu la kushoto kwa tahadhari, maana mteja alikuwa anatikisika. Kibonge alisema amechoka. Alisema anakwenda kazini anarudi, na kila akifika kona ya nyumbani anatamani kugeuza njia. Wakakubaliana uwanja ugawanywe: yeye achukue upande wa mbele ajenge chumba kimoja, dada yake abaki na upande wa bomba na kamba zake. Na kesi ife.

"Na hawa mawakili?" Dada Pasi akauliza. "Wa kwako bado anakudai?"

"Wangu ni wangu, dada. Kila mtu atabeba wa kwake."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Nikawaambia waandikiane basi, hata kwa kalamu yangu, hata nyuma ya kalenda yangu ukutani. Dada Pasi akanitolea macho.

"Niandikiane na mtoto niliyemfunga nepi? Wewe kinyozi, nyoa."

Kosa lilianzia hapo, na lilifanywa na watu wanaopendana. Kwetu, ukimwomba ndugu yako wa tumbo moja atie saini, umemwambia humwamini, na Dada Pasi asingeweza kumwambia mtu hivyo siku aliyompata tena. Juu ya hilo akaongeza lingine. Kibonge alipendekeza wasimame wote wawili waiambie mahakama kwamba wamepatana. Dada yake akakataa katakata. Yeye ndiye mkubwa na yeye ndiye aliyemshitaki mdogo wake, kwa hiyo yeye ndiye wa kushuka. Alitaka aiondoe kesi mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale waliosikia akimshitaki. Aliona anampa mdogo wake heshima yake. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba mahakama ina namna yake ya kumtazama mtu aliyeleta kesi halafu akaichukua.

Siku ya tarehe nilifunga kibanda nikamsindikiza. Alivaa gauni la kijani alilolinyoosha mpaka nikaogopa kukaa karibu yake nisilikunje. Njia nzima alikuwa mchangamfu. Alisema atawaalika Kibonge na mkewe waje kula, na kwamba yule wifi yake hajui kipimo cha chumvi lakini atajifanya haoni.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, rangi imebanduka ukutani nyuma ya kiti cha hakimu, feni inazunguka bila kuleta upepo. Kibonge alikaa mbele pamoja na wakili wake, mtu wa makamo mwenye joho lililopauka mabegani. Alipotuona akatabasamu, na dada yake akampungia kidole kimoja kwa siri, kama wanafunzi darasani.

Kesi ikaitwa. Dada Pasi akasimama.

"Mheshimiwa, naiondoa kesi yangu. Tumepatana, mimi na mdogo wangu."

Hakimu alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alifurahi waziwazi. Akasema laiti kesi zote za ndugu zingeishia hivyo, akaanza kuandika. Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye jalada, "Na gharama?"

Wakili wa Kibonge akasimama. "Mheshimiwa, tunaomba gharama. Mteja wangu aliletwa hapa, amejitetea muda wote huu, na leo mdai anaondoa shauri kwa hiari yake."

Dada Pasi akageuka kunitazama, kana kwamba mimi ningejua. Hakimu akavaa miwani akamweleza taratibu, na sina ubaya naye, alieleza vizuri. Mtu akileta kesi kisha akaiondoa, kwa kawaida yeye ndiye anayebeba gharama za yule aliyemshitaki, pamoja na malipo ya wakili wake. Isipokuwa kama walikubaliana vingine, au kama mwenzake anamsamehe.

"Tulikubaliana," Dada Pasi akasema. "Kila mtu abebe za kwake."

"Mmeandika mahali?"

"Hatujaandika, mheshimiwa. Ni mdogo wangu."

Watu wa mabenchi ya nyuma wakacheka kidogo. Hapo mimi nikasimama. Nikasema nilikuwepo, nilisikia, nilikuwa namnyoa. Karani wa mahakama akaniamuru nikae, mimi si mtu wa kesi hii, na hakimu akasema hivyohivyo kwa upole zaidi. Nikakaa.

"Mdaiwa mwenyewe yupo hapa," hakimu akasema. "Gharama ni haki yake, wakili anamsemea tu. Bwana, ni kweli mlikubaliana? Ukisema ndiyo, nitaandika kila mtu abebe gharama zake, tufunge jalada, mwende nyumbani."

Lilikuwa neno moja. Kibonge akainuka nusu, na wakili akamvuta mkono wa shati akamnong'oneza. Sikuyasikia maneno yale, lakini mtaani hakuna kinachofichika na baadaye tuliyajua. Kibonge alikuwa hajamlipa wakili wake kwa muda mrefu. Wakili alimwambia kwamba mtu mmoja lazima amlipe, na kama si dada, basi ataufuata mshahara wake palepale ghalani. Kibonge akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akasema, "Mheshimiwa, naomba nizungumze na dada yangu kwanza."

Hakimu akawapa nafasi, akaita kesi nyingine.

Tulisimama kwenye korido, karibu na mlango wa stoo ya mafagio. Watu walikuwa wanapita na majalada kwapani. Kibonge alitazama sakafu.

"Dada, nikisema ndiyo, yule atanigeukia mimi. Mshahara wenyewe unaujua."

"Ulisema kila mtu abebe wa kwake."

"Nilisema. Sikujua kuna njia nyingine." Akameza mate. "Nina watoto, dada. Wewe huna mtu. Wewe unaweza kulipa kidogokidogo."

Mimi nimemnyoa Kibonge tangu ndevu zake za kwanza, na dakika ile nilitamani kumzaba kibao mbele ya polisi wa mlangoni. Huna mtu! Aliyemfanya dada yake asiwe na mtu ni nani? Nilifungua mdomo nimwambie, na Dada Pasi akanyoosha mkono kunizuia bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mdogo wake. Kola ya Kibonge ilikuwa imesimama upande mmoja. Akaikunja, akaibana vizuri kwa vidole, akatangulia kurudi ndani.

Kesi ikaitwa tena. Hakimu akavua miwani.

"Haya bwana. Nakuuliza mara ya mwisho. Mlikubaliana, au hamkukubaliana?"

Kibonge akasimama. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo mzima. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikauona mdomo wake ukifunguka, na nikaona midomo inaanza kutafuta mahali pa kuanzia. Sijui angesema nini. Mpaka leo huwa nalifikiria hilo nikiwa nanoa wembe. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri, hata karani alikuwa ameacha kupiga mihuri.

"Mheshimiwa, usimuulize," Dada Pasi akasema. Alikuwa amesimama bila kuitwa. "Gharama nitalipa mimi."

"Mama, umeniambia sasa hivi kwamba mlikubaliana."

"Nilikosea. Hatukukubaliana kitu."

Hakimu akamtazama Dada Pasi, akamtazama Kibonge, akarudi kwa Dada Pasi. Alikuwa amejua, naapa alikuwa amejua. Lakini hakimu anaandika yaliyosemwa, na aliyesema ni mtu mwenye akili timamu. Akainama akaandika. Kibonge akakaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia, akashika uso kwa mikono miwili. Wakili wake akaanza kukusanya karatasi.

Wakili alipeleka hesabu yake, afisa wa mahakama akaipunguza hapa na pale, na iliyobaki ilitosha kummaliza mtu. Dada Pasi hakuwa na akiba. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza ni ule upande wa uwanja wenye bomba na kamba. Aliyeununua ni mfanyabiashara mmoja ambaye hata hakutaka kuingia kuutazama, aliuchungulia kutoka kwenye gari lake. Ilihitajika saini ya Kibonge kwa kuwa nyumba ilikuwa ya urithi wa wote wawili, na hiyo saini hakuichelewesha. Kamba zikakatwa. Karo likavunjwa. Ukuta wa tajiri ukapanda mpaka ukaziba madirisha ya vyumba anavyokaa Kibonge katika nyumba ile pia, naye sasa anawasha taa mchana. Ningependa kusema nilimhurumia, lakini sikumhurumia hata kidogo.

Nyumba ya wageni ikapata dobi mwingine. Dada Pasi akabaki na meza yake, pasi zake na mashati ya mojamoja. Asubuhi anazunguka kufua majumbani kwa watu, anainama kwenye mabeseni ya wenzake huku mgongo unamuuma, na mchana anarudi kupiga pasi. Bado anatania wateja, ila anasahau katikati, unamwona ameshika pasi juu na utani haukumalizika. Amezeeka ghafla. Kibonge hajafika kwake tangu siku ile. Hata kwangu amehama, ananyoa mtaa wa pili.

Juzi hasira zilinijaa. Nilikuwa nimemwona Dada Pasi akirudi kutoka kufua, anashikilia ukuta ili apande ngazi mbili za mlangoni kwake, ngazi mbili tu. Nikaacha mteja kitini nikamfuata.

"Dada, nitakwambia ukweli, hata ukinichukia. Yule si ndugu yako. Ndugu hakukani mbele ya hakimu."

Alikuwa ameshaanza kunyunyizia shati maji. Akaweka kopo chini.

"Ulimsikia?"

"Nini?"

"Wewe ulikuwepo. Umekaa pale na masikio yako mawili unayoyasifia kila siku. Ulimsikia Kibonge akinikana?"

Niliuona tena ule mdomo uliofunguka na watu wote wakimsubiri, na yeye akiwahi kusimama. Hapo ndipo nilipoelewa aliharakia nini siku ile, na kwa nini alisema uongo mbele ya mahakama mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata bei ya sabuni.

"Hapana, dada. Sikumsikia."

"Na mimi sikumsikia," akasema, akalamba kidole akaigusa pasi, akavuta kola ya shati la mtu akaanza kuinyoosha.